Yedidia: jina la pili la Sulemani, na kwa nini wanaoitwa hivyo ni wachache

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninaishi Kigoma mjini na natarajia kujifungua mtoto wa kiume mwezi ujao. Mtoto wetu wa kwanza alifariki akiwa na wiki tatu. Mimi na mume wangu tunataka huyu tumwite Yedidia. Jina hilo tulilisikia kwa jirani yetu Mkongomani, ambaye mwanawe anaitwa Jedidia. Mama mkwe hataki kabisa. Anasema jina hilo lina damu, limetokana na kisa cha Daudi na mke wa Uria, na kama tunataka jina la Biblia basi tumwite Selemani, jina la marehemu baba mkwe. Naomba kujua maana yake hasa, kama watu wengi wanalitumia, kama lina mkosi, na kama tuliandike kwa Y au kwa J.

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba wa mtoto. Nimefundisha Kiebrania cha Agano la Kale kwa muda mrefu, na hili ni mojawapo ya majina ninayoyapenda kupita yote yaliyomo, kwa hiyo univumilie nikienda polepole.

Nianze na hofu ya mama mkwe wako, maana kisa anakijua vizuri. Yedidia limetajwa mara moja tu katika Biblia nzima, 2 Samweli 12:25, na sura hiyo ni nzito. Daudi alikuwa amemchukua Bathsheba, mke wa Uria, kisha akafanya Uria auawe vitani. Sura inaanza na nabii Nathani kumwendea na mfano wa tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja. Daudi anakasirika, Nathani anamwambia tajiri huyo ni wewe, kisha anamtolea hukumu kwamba mtoto aliyemzaa na Bathsheba atakufa. Mtoto anaugua. Daudi anafunga, analala chini usiku kucha, wazee wa nyumba yake wanajaribu kumwinua na yeye anakataa. Siku ya saba mtoto anakufa.

Hiyo siku ya saba wasomaji wengi huipita bila kuitazama. Kwa Waisraeli mtoto wa kiume hutahiriwa siku ya nane, na tukisoma Injili ya Luka tunaona kwa Yohana Mbatizaji na kwa Yesu kwamba jina lilitangazwa siku hiyohiyo. Mtoto wa kwanza wa Bathsheba hakuifikia. Msimulizi hamtaji kwa jina hata mara moja. Anamwita mtoto tu, mwanzo hadi mwisho.

Kisha Daudi anamfariji mkewe. Kitenzi cha Kiebrania kilichotumika pale kimetoka kwenye mzizi uliozaa majina ya Nahumu, Nehemia na Menahemu, yote ya faraja. Ingekuwa jambo la kawaida kabisa mtoto wa pili kupewa jina la aina hiyo. Sisi wenyewe tunafanya hivyo. Kila mtaa una akina Mashaka, Tabu, Masumbuko na Faraja, watoto waliozaliwa nyumba ikiwa na majonzi, au majonzi yakiwa ndiyo kwanza yanaondoka, na wanabeba habari ya nyumba yao mpaka uzeeni.

Mtoto wa pili akazaliwa, akaitwa Sulemani. Nani alimwita? Maandishi ya Kiebrania yana njia mbili. Herufi zilizoandikwa kwenye mstari zinaonyesha mwanamume ndiye aliyetoa jina, yaani Daudi. Lakini mapokeo ya usomaji, ambayo wanakili waliyaandika pembeni, yanataka isomwe kwamba ni mwanamke, yaani Bathsheba. Kiswahili kinasema "akamwita" kwa wote wawili, kwa hiyo tofauti hiyo haionekani katika Biblia zetu. Mimi huelekea kwa Bathsheba. Yeye ndiye aliyekuwa na kaburi moyoni, na katika Agano la Kale ni kawaida mama kumpa mtoto jina.

Jina Sulemani kwa Kiebrania ni Shelomo. Wengi wetu tumefundishwa kwamba linatokana na shalom, amani, na 1 Mambo ya Nyakati 22:9 inalieleza hivyo. Hiyo ni kweli. Lakini mzizi huohuo una maana nyingine pia, ya kulipa, ya kurudisha kilichopotea, na wapo wataalamu wa Agano la Kale wanaosema kwamba jina Shelomo hapo mwanzo lilimaanisha fidia yake, yaani huyu amekuja mahali pa yule aliyekufa. Wakiwa sahihi, na mimi naona wana hoja nzito, basi katika majina mawili ya mtoto huyu lenye kumbukumbu ya msiba ni Sulemani.

Halafu Nathani anarudi. Ni nabii yuleyule aliyetangaza kifo cha mtoto wa kwanza, na bila shaka Bathsheba alipomwona anaingia tena moyo ulimwenda mbio. Safari hii ameleta jina. Mtoto aitwe Yedidia, kwa ajili ya BWANA. Na mstari uliotangulia umekwisha kutoa sababu kwa ufupi mno: BWANA akampenda. Mtoto mwenyewe hajafanya lolote. Hekalu hajalijenga, hekima hajaiomba, hata hatujaambiwa kama ameshaanza kucheka. Anapendwa kwa kuwa yupo, na jina lake linasema hivyo bila kumtaja marehemu kaka yake, wala kosa la baba yake, wala machozi ya mama yake.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mama mkwe wako, kwa heshima zote. Yedidia limetoka kwenye kisa cha damu, lakini limetoka kama neno la kufunga kisa hicho. Na kwa mama aliyempoteza mtoto, nadhani lina zawadi ambayo majina mengi ya faraja hayana. Mtoto anayekuja baada ya msiba huwekewa mzigo bila mtu yeyote kukusudia. Tunamwangalia usoni tukimtafuta mwingine. Mtoto wako wa kwanza alikuwa na jina lake na mahali pake, na hakuna wa kumrithi hapo. Huyu wa sasa anastahili aitwe kwa ajili yake mwenyewe. Sijui jina la Kiebrania linalofanya kazi hiyo vizuri kuliko hili.

Kuhusu mkosi, basi, sioni. Ila nisikudanganye, hirizi nayo siioni. Nehemia 13:26 inamkumbuka Sulemani na kusema kwamba alipendwa na Mungu wake, mwangwi wa wazi kabisa wa jina Yedidia, na papo hapo inasema wanawake wageni walimkosesha. Jina lilitangaza upendo, halikumzuia kupotea. Wapo watumishi wanaowaambia wazazi kwamba mtoto akiitwa hivi atakuwa hivi. Kwa jina hili Biblia yenyewe imekataa kusema hivyo.

Sasa maana. Lina vipande viwili. Yedidi ni mpendwa, mpenzi, mtu wa moyoni. Na -ya ya mwisho ni kifupi cha jina la Mungu, ileile unayoikuta katika Isaya, Yeremia, Zekaria, Obadia na Hezekia. Kwa hiyo Yedidia ni mpendwa wa BWANA. Katika Kiebrania cha leo yedidi ni neno la kawaida la kumwita rafiki, ndiyo maana utawasikia wengine wakifasiri "rafiki wa Mungu". Si kosa, lakini katika Biblia neno ni la joto zaidi ya hapo. Musa anapombariki Benyamini katika Kumbukumbu la Torati 33:12 anamwita hivyo, mpenzi wa BWANA atakayekaa salama kwake. Isaya anauanza wimbo wake wa shamba la mizabibu kwa neno hilo. Na Zaburi ya 127, ambayo juu yake pameandikwa jina la Sulemani, ina mstari unaosema Mungu humpa mpenzi wake usingizi. Kwa Kiebrania "mpenzi wake" ni yedidi wake. Wafafanuzi wengi wameona kwamba zaburi hiyo inamkonyeza mwenye jina. Mstari unaofuata, wa tatu, unaingia kwenye watoto kuwa urithi wa BWANA. Usome kabla hujaenda hospitali.

Marabi walilipenda neno hili sana. Katika Talmudi, mkusanyo wao mkubwa wa mafundisho, sehemu ya Menahoti, kuna maneno yanayochezea yedidi mara sita mfululizo: aje mpendwa mwana wa mpendwa, amjengee Mpendwa nyumba ipendwayo, katika fungu la mpendwa, wapate wapendwa kusamehewa ndani yake. Mpendwa wa kwanza ni Sulemani, kwa sababu ya jina Yedidia; baba yake hapo ni Abrahamu; Mpendwa anayejengewa ni Mungu mwenyewe; nyumba ni hekalu; fungu ni nchi ya Benyamini; na wanaosamehewa ni Israeli. Kwa kila mmoja wanatoa mstari wa ushahidi. Sijaona jina jingine lililowakusanya wote hao mahali pamoja.

Kwenu Kigoma Ujiji kuna majirani wengi Waislamu, kwa hiyo hili nalo litakufaa. Kiebrania na Kiarabu ni lugha za ukoo mmoja, na mizizi mingi inayoanza kwa w katika Kiarabu huanza kwa y katika Kiebrania. Mzizi wa Yedidia ni huohuo wa Al-Wadud, mojawapo ya majina 99 ya Mwenyezi Mungu, Mwenye upendo mwingi, na wa neno mawadda linalosikika kwenye hotuba za ndoa tangu Lamu hadi Ujiji. Jirani akikuuliza jina gani hilo, mwambie ni ndugu wa Wadud. Ataelewa mara moja.

Usilichanganye na mawili yanayofanana nalo. Yedaya na Yediaeli, yote ya Agano la Kale, yametoka kwenye kitenzi cha kujua, si cha kupenda. Kwa msichana lipo Yedida, jina la mama yake mfalme Yosia (2 Wafalme 22:1). Ukijaliwa binti baadaye, hilo pia ni zuri na ni adimu zaidi. Na wengi hulihusisha jina Daudi lenyewe na mzizi wa karibu wenye maana ya mpendwa, kwa hiyo yawezekana baba na mwana walibeba maana moja.

Umeuliza kama watu wengi wanalitumia. Hapana, na sababu zake zinanivutia kuliko hesabu. Ya kwanza ni Sulemani mwenyewe. Baada ya mstari ule mmoja hakuna mtu anayemwita Yedidia tena. Anatawazwa kama Sulemani, anaandikiwa mithali kama Sulemani, anakufa kama Sulemani. Watu huwaita watoto majina ya mashujaa waliowasikia, na Yedidia hasikiki.

Ya pili wengi hawaijui. Hieronimo alipotafsiri Biblia kwa Kilatini mwishoni mwa karne ya 4 na mwanzoni mwa karne ya 5, alipofika hapa hakuliandika jina kama lilivyo, alilifasiri. Msomaji wa Biblia ya Kilatini alikuta kwamba Nathani alimwita mtoto "Apendezaye kwa Bwana", basi. Kwa muda wa miaka elfu moja na zaidi Wakristo wa Ulaya Magharibi walisoma mstari huo bila kujua kwamba ndani yake mna jina la kumpa mtoto. Ndiyo sababu humwoni Yedidia miongoni mwa wafalme wa zama zile, wakati Daudi na Sulemani wapo.

Waprotestanti walipoanza kutafsiri kutoka Kiebrania, jina likarudi. Waingereza wakaliandika Jedidiah, na Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali waliopenda majina ya Agano la Kale yasiyo na historia ya kikatoliki, wakalichukua, wakavuka nalo bahari. Katika Derbyshire, Uingereza, aliishi Jedediah Buxton (1707–1772), mkulima asiyejua kuandika ambaye alipiga hesabu ndefu za ajabu kichwani. Mwaka 1754 alikwenda London, na wanasayansi wa Royal Society wakampima. Marekani kulikuwa na mchungaji Jedidiah Morse (1761–1826), aliyeandika vitabu vya jiografia vilivyotumika shuleni huko kwa miaka mingi. Mwanawe Samuel ndiye Morse wa simu za maandishi. Na Jedediah Smith (1799–1831), mwindaji na mpelelezi wa njia za magharibi, aliyeuawa akiwa na umri wa miaka 32. Unaona hata wao tahajia iliwasumbua, wengine i, wengine e.

Wayahudi hawakuliacha kamwe, ila lilikaa zaidi kwa watu wa vitabu. Katika karne ya 16 mwanazuoni wa Italia, Azaria dei Rossi, alipoandika kwa Kiebrania kuhusu mwanafalsafa Filo wa Aleksandria, alimpa jina Yedidia, kwa kuwa Filo kwa Kigiriki limetoka kwenye neno la kupenda. Jina hilo likamkaa, hata mwaka 1935 walipoanzisha kijiji cha wakulima katika bonde la Hefer, Israeli ya leo, wakakiita Kfar Yedidia kwa heshima ya Filo huyo. Mwingine ni Yedidia Norzi wa Mantua (1560–1626), aliyetumia maisha yake kukagua maandishi ya Biblia ya Kiebrania herufi kwa herufi, nukta kwa nukta. Nikimfungua Norzi darasani hufurahi kwamba mtu aliyelinda mstari ule alikuwa anaitwa kwa mstari ule. Israeli ya leo jina lipo, hasa katika familia za kidini.

Marekani, ambako serikali hutoa kila mwaka orodha ya majina ya watoto waliozaliwa, Jedidiah limekuwa na wapenzi wake tangu miaka ya 1970, hasa katika familia za kilokole, lakini halijawahi kufika hata kwenye 100 ya kwanza. Huko wengi hulikata likawa Jed.

Kwa upande wetu njia liliyopitia ni Kongo, kama ulivyoligundua mwenyewe kwa jirani. Makanisa ya uamsho ya Kinshasa, Lubumbashi na Bukavu yana utamaduni wa majina yanayotamka neno la Mungu juu ya mtoto. Kuna Exaucé, aliyejibiwa maombi. Kuna Plamedi, iliyoungwa kutoka maneno ya Kifaransa ya "mpango wa ajabu wa Mungu". Jedidia limeingia katika kundi hilo na limekubalika vizuri, likavuka Ziwa Tanganyika pamoja na watu. Wapo hata wanaowapa wasichana. Hilo ulijue, kwa sababu mwisho wake, kama wa Lidia na Maria, unaweza kumfanya mwalimu wa darasa la kwanza atafute msichana anapoita majina. Litamtokea mtoto wako, atazoea.

Y au J? Andika Y. Kiebrania kinaanza na yodi, ambayo ni y yetu kabisa, na Biblia ya Kiswahili ya Union imeandika Yedidia. J ya jirani yako imetoka Biblia ya Kifaransa. Ya Louis Segond imeandika Jedidja. Kwa Kifaransa na Kiingereza j hiyo ikaanza kutamkwa kwa sauti ambayo Waebrania hawakuwa nayo. Kwa Kiswahili jina linakaa mdomoni bila taabu, Ye-di-di-a, mkazo kwenye di ya pili, kama maneno yetu karibu yote. Nyumbani litakatwa likawa Yedi au Didi, hamna kizuizi.

Lakini kuliko Y au J, la muhimu ni kwamba tahajia iwe moja. Nimeona vijana wakihangaika wakati wa kuomba chuo kwa sababu cheti cha kuzaliwa kinasema Yeremia, cha ubatizo Jeremia, na cha kidato cha nne Jeremiah, na mwisho wanakwenda kwa wakili kula kiapo kwamba hao watatu ni mtu mmoja. Jina adimu lina hatari zaidi, kwa sababu karani hajawahi kuliona na ataandika alichosikia: Yedidiya, Jedida, hata Didia. Mume wako aliandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi kabla hamjaondoka nyumbani. Karatasi ya kizazi mtakayopewa hospitali msiipokee mpaka mmeisoma, hasa kama ndiyo RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, watakayoitumia kutoa cheti. Kadi ya kliniki vilevile.

Limebaki la baba mkwe. Mama mkwe wako anataka jina la mumewe lisipotee, na ana haki ya kulitaka. Ila kwa utaratibu wetu mtoto huandikwa jina lake, la baba, kisha la babu. Mkimwita Selemani, cheti kitaanza na Selemani na kumalizika na Selemani. Mkimwita Yedidia, Selemani atakuwepo palepale kwenye nafasi ya tatu, na mtoto atakuwa na majina yote mawili ambayo mwana wa Bathsheba alipewa. Sidhani mama mkwe amelitazama hivyo. Mketi naye jioni moja, mumeo awepo, mumpe Biblia asome mwenyewe 2 Samweli 12, mistari ya 24 na 25, kwa sauti.